Safari Yetu ya Kwanza ya Bara: Kutoka Mwambao hadi Boito



Hakuna nyumba ya mwambao isiyoteleka chai. Alfajiri ikiisha kusaliwa, sufuria huwekwa motoni, iliki ikapondwa, tangawizi ikatiwa, na mahamri na mbaazi zikaandaliwa. Bibi wa nyumba aweza kukwambia iliki yake ameinunua kwa nani Marikiti, na tangawizi ipi ina ukali na ipi haina. Lakini ukimuuliza majani ya chai yametoka wapi, atakujibu: dukani.

Jawabu hilo, lililotoka katika kikao chetu cha kina mama baada ya sala ya Alasiri, ndilo lililozaa safari tunayotaka kuwasimulia wasomaji wetu wiki hii. Safari yenyewe bado haijafanywa. Sisi ni familia sita, waume kwa wake, watoto na bibi mmoja mwenye umri wa miaka sabini na kitu, na kwa muda wa mwaka mzima tumekuwa tukiweka akiba kwa mtunza hazina mmoja kila mwisho wa mwezi. Wengi wetu hatujawahi kuvuka Voi ila kwa matibabu au kwa maziko. Tunayaandika haya matayarisho kwa sababu huenda nyumba nyingine nazo zina nia kama yetu, na zikapata hapa pa kuanzia.

Nchi kubwa, siku chache

Wazee wetu walikuwa na neno moja kwa kila kilichoko nyuma ya minazi: bara. Neno hilo lilikuwa na sababu zake. Hadi Desemba 1963 ukanda huu wa maili kumi ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, na bendera yake nyekundu ikipepea juu ya Ngome ya Yesu. Wako miongoni mwetu waliozaliwa chini ya bendera hiyo. Kwao bara ilikuwa nchi nyingine, na kwa kiasi fulani sisi watoto wao tumerithi mazoea hayo, ingawa vitambulisho vyetu ni vya Kenya.

Na bara ni kubwa. Kenya ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 580,000, kaunti 47, na makabila zaidi ya 40, kila moja na lugha yake, chakula chake na namna yake ya kumpokea mgeni. Tulipoanza kupanga, vijana wetu walileta orodha: Maasai Mara, ndege wa Ziwa Nakuru, Kisumu, Mlima Kenya, na wakitaka vyote viishe kwa siku tano. Mmoja wa waume zetu, aliyekuwa dereva wa lori la masafa marefu, alichukua kalamu akahesabu saa za barabarani. Ikadhihirika kwamba katika siku hizo tano, zaidi ya tatu tungezimaliza tumekaa garini, na watoto wangerudi wakikumbuka vituo vya petroli tu.

Tukaafikiana jambo moja, nalo ndilo tunalomnasihi kila anayeanza: nchi pana haionwi kwa kuizunguka mbio. Chagua mahali pamoja, ukae, ujue majina ya watu. Mengine yatafuata miaka mingine, inshaallah. Kwetu sisi mahali hapo ni Boito.

Kwa nini Boito

Boito ni wadi ya eneo bunge la Konoin, katika kaunti ya Bomet, mpakani mwa nchi ya chai ya Kericho na si mbali na msitu wa Mau. Ni nchi ya Wakipsigis, ambao ni jamii mojawapo ya Wakalenjin. Haimo katika vitabu vingi vya watalii. Tumeichagua kwa sababu mwalimu mmoja wa kike, mzaliwa wa huko, amewafundisha watoto wetu kwa miaka kadhaa hapa mtaani, amefuturu majumbani mwetu, na ametualika kwa wazazi wake.

Baba yake ni mkulima mdogo wa chai. Amechuma majani kwa zaidi ya miaka thelathini, na hajapata kuiona bahari. Binti yake alipomwambia kwamba wageni wa Mombasa watakuja, mzee hakuuliza tutakula nini wala tutalala wapi. Aliuliza: hao wanaotoka Mombasa, wataweza kuniambia chai yangu ikifika huko hufanywa nini?

Swali hilo limeigeuza safari yetu. Tuliona kwamba hatuendi kutazama tu, bali twaendea na jawabu, na kwamba matayarisho yanaanzia hapa hapa mjini. Kwani chai ya Kericho, ya Bomet, ya Nandi, ya Kisii na ya Mlima Kenya, kwa sehemu kubwa, hushuka Mombasa. Mnada wake ulihamishwa kutoka Nairobi ukaletwa kwetu mwaka 1969, na leo ni miongoni mwa minada mikubwa kabisa ya chai duniani. Huuzwa hapo hata chai ya Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania. Kila wiki wanunuzi huonja, hupanga bei, na shehena hupakiwa kwenda Pakistani, Misri, Uingereza na kwingineko. Malori yapitayo Changamwe na Shimanzi, ambayo sisi huyalalamikia kwa msongamano, baadhi yake yamebeba jasho la mzee yule.

Kwa hiyo wavulana wetu wakubwa wamepewa kazi: wajifunze namna mnada unavyokwenda, waandike kwa Kiswahili chepesi, wamsomee mzee.

Wakati na njia

Januari na Februari ndiyo miezi mikavu zaidi huko, lakini shule huwa zimefunguliwa, na miaka hii Ramadhani imekuwa ikiangukia karibu na hapo. Aprili ni mvua nyingi. Agosti ni baridi na mvua. Tumechagua wiki ya kwanza ya Desemba, shule zikiwa zimefungwa na nauli hazijapanda kwa ajili ya Krismasi. Hata hivyo tumejulishwa tujiandae kwa mvua ya alasiri, kwa sababu mawingu ya Ziwa Viktoria hupanda vilima hivyo mchana, na mvua ya mawe ni jambo la kawaida katika nchi ya Kericho.

Siku ya kwanza tutapanda treni Miritini. Kwa saa tano au sita hivi tutafika Syokimau, tulale Nairobi, na wanaotaka watasali Maghribi na Isha Msikiti wa Jamia. Hatusafiri usiku na watoto. Siku ya pili ni ya barabara: tutapita karibu na Limuru, ambako mche wa kwanza wa chai wa Kenya ulipandwa mwaka 1903, kisha Bonde la Ufa, Naivasha, Nakuru, hadi Mau Summit ambako njia hugawanyika, moja ikaelekea Eldoret na nyingine Kericho. Kutoka Kericho tutakwenda Litein, kisha tuingie barabara za vilimani hadi Boito. Tumehesabu kufika kabla ya Magharibi, kwani njia za ndani huteleza zikinyeshewa.

Tutakaa siku tatu kamili. Siku ya sita tutarudi kwa njia ya Bomet na Narok, ili vijana waione nchi ya Wamaasai pasi na kuongeza gharama, na siku ya saba tutakuwa kwenye treni ya kurudi nyumbani.

Ibada safarini

Jambo hili ndilo lililowatia kina mama wengi wasiwasi, na ndilo jepesi kuliko yote. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza sala za rakaa nne na kuzikusanya Adhuhuri na Alasiri, Maghribi na Isha. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, anayenuia kukaa mahali chini ya siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hubaki katika hukumu ya msafiri. Siku zetu tatu zimo ndani ya mpaka huo. Mwenye swali zaidi, au mwenye shaka juu ya safari ya mwanamke na maharimu wake, amuulize shekhe wake kabla ya kulipa nauli, asingoje kuuliza kituoni.

Kuna mambo mawili ya jiografia ambayo watoto wameyafurahia. Hapa Mombasa, kibla chetu kinakaribia kuwa kaskazini kabisa, kwani Makka iko juu yetu moja kwa moja katika ramani. Boito iko magharibi yetu, kwa hiyo huko tutageuka kidogo kulia kwa kaskazini. Na kwa sababu hiyo hiyo jua huko huchwa nyuma ya jua letu kwa dakika kadhaa. Ratiba ya sala iliyobandikwa ukutani nyumbani haitufai. Kericho mjini kuna msikiti. Boito tutasali nyumbani kwa wenyeji, na mwalimu ameshatutengea chumba.

Tuchukue misala yetu, na kopo la kutilia maji, maana si kila choo cha bara kina maji ndani. Nyumba nyingi za mashambani hufuga mbwa wa ulinzi. Tumemwomba mwalimu, kwa upole, amfungie upande wa pili wa boma siku tutakazokuwapo, naye amecheka, akasema ameshaliwazia hilo.

Chakula na mavazi

Tutakula wanachokula, ila nyama. Ugali wao ni ule ule, na mboga yao wanayoipenda ni mgagani, ambao bibi zetu nao wanaujua vizuri. Maziwa ni heshima kubwa. Mursik ni maziwa ya mgando yaliyotiwa katika kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa makaa ya mti maalumu, yakawa na rangi ya kijivu na harufu ya moshi. Ndiyo yale wanayonyweshwa wanariadha wetu wanaporudi na medali. Watoto tumewaonya: watakayepewa apokee kwa mikono miwili, aonje, ashukuru kwa kusema *kongoi*.

Kuhusu nyama, tumefikia makubaliano mazuri. Wenyeji watatoa kuku, mmoja wa waume zetu atachinja, na sisi kina mama tutapika pilau kwa sufuria zetu, tule pamoja. Hakuna aliyeona haya wala aliyekasirika, kwa kuwa jambo lilisemwa mapema. Mengi yanayoharibu ziara huharibika kwa sababu mgeni alinyamaza mpaka sahani ikafika mbele yake.

Wapishi wajue: juu ya mita 2,000, maji huchemka kabla ya kufikia joto la hapa pwani, kwa nyuzi kama 93. Wali na maharagwe huchelewa kuiva. Pilau ya saa moja ipewe nafasi zaidi, na mbaazi zilowekwe tangu usiku.

Mavazi ni sweta, soksi, viatu vya kufunika, na koti la mvua. Buibui lisiburure, kwani udongo mwekundu wa huko hautoki kwa kufua mara moja. Bibi yetu atafungiwa blanketi lake mwenyewe.

Tutakayoyaona

Asubuhi ya kwanza tutaingia shambani. Mchumaji huchuma majani mawili na kichipukizi chake, hayo tu, akayatupa nyuma ndani ya kikapu. Baada ya wiki moja au mbili hurudi kwenye mche ule ule. Kisha tutafuata majani hadi kituo cha kununulia, ambako karani huyapima na kuyaandika, na lori huyapeleka kiwandani siku hiyo hiyo kabla hayajaharibika. Kiwandani hunyaushwa, hukatwa, huachwa yageuke rangi, hukaushwa na kuchekechwa kwa daraja. Kinachobaki katika daraja za unga laini ndicho tunachokinunua sisi kwa pakiti.

Mwalimu atatuombea ruhusa katika kiwanda kimoja cha wakulima wa eneo lile. Bila ruhusa hakuna kuingia, na pakiwa hapana nafasi tutatosheka na shamba.

Yaliyo mazito

Tumejadiliana sana kama watoto waelezwe uzuri peke yake, na tukaona haifai. Kijani kile kina historia. Katika miaka ya 1920 makampuni ya Kiingereza yalipanda mashamba makubwa ya chai juu ya ardhi iliyokuwa ya Wakipsigis na jirani zao. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu ukoo wa Talai, uliokuwa na uongozi wa kiroho kwa watu hawa, ikawapeleka Gwassi karibu na Ziwa Viktoria, nchi ya joto na maradhi. Madai yao ya ardhi yamefika hadi Umoja wa Mataifa, na hayajamalizika. Waafrika wenyewe walizuiwa kulima chai ya biashara hadi miaka ya 1950. Shirika la wakulima wadogo liliundwa mwaka 1964, na tangu 2000 limekuwa kampuni ya wakulima wenyewe.

Hata leo mambo si mepesi. Mkulima hulipwa kidogo kila mwezi kwa kilo, kisha hungoja bonasi ya mwisho wa mwaka wa hesabu, na wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa kwa muda mrefu wamelalamika kwamba bonasi yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki. Mwaka 2023 dunia ilisikia habari za wanawake waliodhulumiwa na wasimamizi katika mashamba makubwa ili wapate kazi, na mwaka huo huo vijana wa Kericho walichoma mashine za kuchumia chai kwa hofu ya kukosa riziki. Sisi wanawake hatuwezi kupita katikati ya vichaka vile tukapiga picha kana kwamba hatujasikia.

Hatuendi kuhoji watu juu ya majeraha yao. Lakini watoto wetu, ambao hapa pwani wameyasikia masikitiko ya ardhi tangu utotoni, watajua kwamba hawako peke yao. Jambo hilo moja, wakilielewa, lingetosha kuwa faida ya safari nzima.

Adabu ya mgeni

Salamu kwanza: *chamgei*, na wao huitikia vivyo hivyo. Mzee husalimiwa kabla ya mtoto, mwenye nyumba kabla ya nyumba kusifiwa. Hapigwi picha mchumaji bila idhini yake. Desemba ni msimu wa jando kwao. Tukikutana na vijana walio katika mambo hayo, tupite tukiangalia mbele, kama wazee wetu walivyopenda mambo ya jando yastahiwe. Tukikaribishwa kinywaji kisichotufaa tuseme asante na tuombe maji, bila hotuba. Saa za mwenyeji ziheshimiwe, kwani chai haingoji mgeni.

Zawadi tumegawana: leso mbili kwa mama mwenye nyumba, tende, halua, achari ya maembe, na nazi kumi, kwa kuwa mwalimu amesema mama yake hajapata kuona nazi ikikunwa. Bibi yetu amejitolea kubeba mbuzi yake ya kukunia, na hakuna aliyethubutu kumkatalia.

Mlango wa pande mbili

Kikao cha mwisho kilihusu fedha. Zilipohesabiwa, zilibaki kidogo juu ya gharama. Kijana mmoja akapendekeza tuongeze siku moja hifadhini. Bibi akasema hapana, fedha hizo ziwekwe. Mzee wa Boito ameuliza chai yake hufanywa nini, na jawabu la karatasi halitoshi. Yeye na mkewe waletwe mwakani, walale kwetu, waone maghala, waone meli ikipakia, na waingize miguu baharini.

Tukanyamaza, kisha tukapitisha. Akiba ya mwezi ujao inaanza kwa jina la safari hiyo ya pili. Familia yoyote inayotaka kushiriki, katika kwenda au katika kupokea, iwaone kina mama baada ya darsa ya Alasiri kabla mwezi haujaisha. Mwenyezi Mungu atujaalie kwenda kwa salama, na kurudi kwa salama, na wageni wetu vilevile. Amin.